Gari jipya linashtuka gia, wakala anasema "ni kawaida": naweza kulirudisha?

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Miezi miwili na nusu iliyopita nilinunua gari jipya kabisa, SUV ya gia otomatiki, kwenye tawi la wakala rasmi hapa Dodoma. Sehemu ya bei ni akiba yangu, sehemu ni mkopo wa benki. Sasa limetembea kilomita 3,800. Tangu wiki ya tatu, likishapata moto linashtuka wakati wa kubadilisha gia, na mara kadhaa taa ya injini imewaka kisha ikazimika yenyewe. Nimelipeleka kwao mara tatu. Mara ya kwanza waliniambia gia bado inajifunza uendeshaji wangu. Mara ya pili wakasema ni mafuta ya huku. Mara ya tatu wakasema ni kawaida kwa modeli hii, nikarudishiwa na karatasi iliyoandikwa "limekaguliwa, liko sawa". Juzi nimegundua pia kuwa rangi ya mlango wa nyuma kushoto inatofautiana kidogo na milango mingine ukiiangalia juani. Je, naweza kulirudisha gari nikadai pesa yangu? Shemeji yangu anasema nisimamishe marejesho ya benki mpaka wanisikilize, na anamfahamu fundi mzuri wa gia boksi. Binti yangu anataka niwaanike Instagram.

Mama Neema, Kisasa, Dodoma

Jibu

Pole sana, Mama Neema. Kulipia gari jipya kwa jasho lako na mkopo juu, halafu ukaambiwa kasoro unayoihisi kwenye usukani haipo, ni jambo la kuudhi, na una haki kamili ya kuudhika.

Jibu fupi ni kwamba haki ya kulikataa gari unayo, lakini inapungua kila siku unayoendelea kuliendesha bila kusema lolote kwa maandishi. Marejesho ya benki usiyasimamishe. Fundi wa shemeji asifungue gia boksi. Instagram isubiri. Na kabla ya kufika kwa mwanasheria, rudi kwao mara ya nne, ila safari hii uende kwa namna tofauti kabisa na mara tatu zilizopita.

Nimefanya kazi miaka mingi upande wa pili wa ile meza ya mapokezi, nikishughulikia madai ya waranti, kwa hiyo nianze na jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi: pesa ya waranti inatoka wapi. Kwa kawaida wakala hailipi kutoka mfukoni mwake. Anatengeneza gari, kisha anatuma dai kwa mtengenezaji, awe Japani, Korea, India au Ujerumani, naye ndiye anayemrudishia gharama ya vipuri na saa za fundi. Dai hilo lazima lieleze mambo matatu: mteja alilalamika nini, chanzo kilichopatikana ni kipi, na kilifanyika nini. Linaambatana na namba ya chasi, kilomita, namba za hitilafu zilizosomwa kwenye kompyuta ya gari, na mara nyingi picha. Kifaa kilichotolewa hutunzwa, kwa sababu mtengenezaji anaweza kukiita akikague mwenyewe. Dai lisilo na chanzo halilipwi. Saa za fundi aliyezunguka na gari lako bila kuona kitu zinakuwa hasara ya gereji.

Hapo ndipo linapozaliwa lile neno "liko sawa". Mara nyingi si hila. Gari lako uliliacha asubuhi, fundi akalichukua likiwa limepoa, akazunguka nalo mitaa miwili, halikushtuka, akaandika alichokiona. Meneja wake naye hana cha kumwandikia mtengenezaji. Sasa kazi yako, na najua inakera kumwambia hivi mtu aliyelipa mamilioni, ni kuhakikisha fundi anaiona hitilafu kwa macho yake na kwamba inaandikwa ilivyo. Ukifanikiwa hapo, wakala na wewe mnakuwa na maslahi mamoja: yeye apate kulipwa na mtengenezaji, wewe gari lako litengenezwe.

Angalia karatasi za gereji ulizonazo, zile wanazoziita jobu kadi. Nina hakika sehemu ya malalamiko imeandikwa kitu kama "mteja analalamika gia". Maneno hayo hayamsaidii mtu yeyote. Safari hii andika mwenyewe nyumbani, kwa utulivu, kisha umwombe mtu wa mapokezi ayanakili neno kwa neno kabla hujasaini. Iwe hivi:

"Gari likishatembea dakika 20 hivi na kupata moto, likiwa kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa, ukikanyaga mafuta kidogo tu, linashtuka mara moja au mbili. Mshale wa mizunguko ya injini unaruka kutoka kama 1,500 hadi zaidi ya 2,000, lakini mwendo hauongezeki. Hutokea zaidi mchana na wakati wa kupanda mlima. Taa ya injini imewaka tarehe kadhaa, gari likiwa na kilomita kadhaa. Halitokei asubuhi gari likiwa limepoa."

Jaza namba na tarehe zako halisi, usichukue zangu. Lile la mwisho, kwamba asubuhi halitokei, ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu linamzuia fundi kulijaribu saa mbili asubuhi na kukurudishia jibu lile lile. Akikwambia nafasi kwenye karatasi haitoshi, ambatisha karatasi yako, na kwenye jobu kadi iandikwe "angalia kiambatisho". Omba nakala kabla hujaondoka.

Kisha omba kutoka na fundi. Usilipeleke gari mapema, lipeleke saa saba mchana, likiwa limeshatembea. Wewe kaa kiti cha abiria, mwache yeye aendeshe, mashine yao ya kupimia ikiwa imechomekwa na inarekodi. Kwa kuwa unaishi Kisasa, njia mnayo: shikeni barabara ya Dar es Salaam kupitia Nanenane hadi Ihumwa na Mtumba ili gari lipate moto wa kutosha, rudini, kisha pandeni ule mlima wa kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa mwendo wa taratibu. Gia otomatiki ya kawaida ina klachi ndogo ndani ya kigeuza nguvu cha mafuta (torque converter), ambayo hufunga mwendo ukitulia ili kupunguza matumizi ya mafuta. Nyingi zinazoshtuka zikipata moto, huwa zinashtuka pale klachi hiyo inapofunga na kufungua, na mlima wa taratibu unaifanya ifanye hivyo mara nyingi. Kama gia ya gari lako ni ya mkanda (CVT), au ya klachi mbili, sababu itakuwa nyingine, lakini jaribio ni hilo hilo. Gari likishtuka njiani, mwambie fundi abonyeze kitufe cha kuhifadhi kumbukumbu wakati huo huo.

Video nayo inasaidia. Mtu mwingine ndani ya gari ashike simu, wewe uangalie barabara. Ionyeshe dashibodi yote: mwendo, mizunguko, taa, kilomita, na sauti isikike.

Sasa kuhusu taa ya injini, ambayo naona wamekuyumbisha nayo. Taa ile haiwaki bila kuacha alama. Kompyuta huhifadhi namba ya hitilafu, na pamoja nayo hupiga kama picha ya hali ya gari sekunde ile: joto la injini, mwendo, mizunguko, mzigo. Namba nyingi ni za kimataifa. P0741, kwa mfano, inahusu ile klachi niliyoitaja kushindwa kufunga inavyotakiwa. P0300 ni injini kukosa moto kwenye silinda kwa mpangilio usiotabirika, hali ambayo dereva anaweza kuihisi kama mshtuko wa gia wakati gia haina kosa. Kwa hiyo fundi aliyesoma namba hiyo anajua aanzie wapi, na ambaye amezifuta bila kuzichapa amefuta ushahidi wako. Sema waziwazi, na iandikwe kwenye jobu kadi: namba zozote zichapwe na nipewe nakala kabla ya kufutwa. Ukihisi kwamba mara zilizopita zilifutwa, kuna njia ya kujua. Magari mengi ya kisasa hutunza hesabu ya kilomita yaliyotembea tangu kumbukumbu zilipofutwa mara ya mwisho, na mashine ya kupimia huisoma. Kama gari lina kilomita 3,800 na hesabu hiyo inasema 600, basi ilifutwa likiwa na kilomita 3,200. Linganisha na tarehe ulizolipeleka.

Nirudi kwenye majibu matatu uliyopewa, maana hayalingani uzito.

"Gia inajifunza" lina ukweli ndani yake. Gia boksi nyingi za kisasa hurekebisha mgandamizo wake kulingana na uendeshaji, na mabadiliko ya gia yanaweza kuwa makavu kidogo kwenye kilomita za mwanzo. Lakini kujifunza kunatakiwa kupungue siku zinavyokwenda. Lako lilianza wiki ya tatu na bado linaendelea, na lina taa ya injini. Taa ya injini si sehemu ya kujifunza kwenye gari lolote.

"Mafuta ya huku" ni jibu ambalo linatakiwa lije na kipimo. Mafuta machafu yapo, sikatai, na yanaweza kuharibu nozeli au kuifanya injini ikose moto. Ila hayaingii kwenye gia boksi, ambayo ina mafuta yake tofauti kabisa. Anayesema ni mafuta achukue sampuli kutoka kwenye tangi mbele yako, aigawe mara mbili kwenye chupa safi, mzifunge kwa lakiri na msaini wote, moja ibaki kwako. Akikataa kupima, akuandikie kwamba ni mafuta. Utaona jinsi kalamu inavyokuwa nzito. Wewe upande wako tunza risiti za EFD za vituo vya mafuta, kwa sababu zinaonyesha kituo, tarehe na lita. Na kama kweli itathibitika ni mafuta, malalamiko yako yanahamia kwa kituo kile na kwa EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Dodoma.

"Ni kawaida kwa modeli hii" ndilo jibu ninaloliona baya zaidi, lakini pia ndilo linaloweza kukufaa. Kama ni kawaida, basi gari lingine la modeli hiyo hiyo litafanya vivyo hivyo. Omba mkatembee na lingine, liwe la kwao la majaribio au la mteja aliyekubali, njia ile ile, saa ile ile. Halafu uliza swali hili: je, mtengenezaji ametoa taarifa yoyote ya kiufundi kuhusu gia ya modeli hii, na programu ya kompyuta ya gia kwenye gari langu ni toleo la karibuni? Watengenezaji huwatumia mawakala wao taarifa za namna hiyo pale kasoro inapojirudia kwenye magari mengi, na dawa yake mara nyingi ni kusasisha programu, kazi isiyohitaji kufungua hata boliti moja. Wakala aliyekwambia "ni kawaida" huenda anayo taarifa hiyo kwenye kompyuta yake na hajaisoma. Swali likiulizwa kwa maandishi, litasomwa.

Hapo tunafika kwenye barua, na barua hii nakusihi uiandike wiki hii, usisubiri matokeo ya ziara ya nne. Kwenye ukurasa mmoja taja namba ya chasi, tarehe ya kununua, namba ya risiti ya EFD, kilomita za sasa, tarehe tatu ulizolipeleka na walichokujibu kila mara. Eleza hitilafu kwa maneno yale yale ya jobu kadi. Omba mambo yanayopimika: wafanye jaribio la barabarani ukiwepo, wachape kumbukumbu za kompyuta, wapeleke suala kwa mhandisi wa mtengenezaji wa kanda, wakujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na wakupe gari la kutumia kama lako litalala gerejini. Halafu weka sentensi hii, ambayo ndiyo inayobeba barua nzima:

"Kuendelea kwangu kulitumia gari hili wakati nasubiri mlitengeneze kusichukuliwe kuwa nimelikubali pamoja na kasoro zake. Nahifadhi haki yangu ya kulikataa na kudai kurejeshewa bei niliyolipa."

Peleka nakala mbili kwenye tawi, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe na jina la aliyepokea. Tuma nakala kwa baruapepe ya makao yao makuu. Kama unaye mtu wa kukufikishia Dar es Salaam kwa mkono, vizuri zaidi, siku hizi kwa SGR ni kwenda na kurudi siku moja. Na kila mnachozungumza kwa simu, kifuatishe na ujumbe wa WhatsApp: "Kama tulivyoongea leo, umesema nilete gari Alhamisi." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa namna hiyo kama ushahidi mahakamani, kwa hiyo usifute chochote na usibadilishe simu bila kuhamisha mazungumzo.

Sababu ya sentensi ile ipo kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Sheria hiyo inahesabu kwamba muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa fulani ameahidi, hata kama hakuandika, kuwa bidhaa ina ubora wa kuuzika. Ukimweleza kazi unayoitakia na ukategemea utaalamu wake, inaweza kuhesabu pia kwamba inafaa kwa kazi hiyo. Ahadi hiyo ikivunjwa mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa. Lakini ukishahesabiwa umeikubali, haki ya kuikataa inaondoka na unabaki na haki ya kudai fidia tu, na sheria inakuhesabu umekubali ukikaa nayo muda wa kutosha bila kumwarifu muuzaji kwamba unaikataa. Muda wa kutosha haukutajwa kwa siku. Ni suala la mazingira, na hakimu ndiye atakayelipima. Miezi miwili na nusu yenye ziara tatu za gereji inajitetea vizuri kuliko mwaka mzima wa kunung'unika kwa simu. Sheria yetu haikuweka kwamba ukitengeneza mara kadhaa ikashindikana basi unarudishiwa pesa moja kwa moja. Kwa hiyo rekodi yako ndiyo itakayojenga hoja.

Kuna karatasi ya makabidhiano uliyosaini siku ya kuchukua gari, ile inayosema umelipokea likiwa katika hali nzuri. Watakuonyesha. Isikutie hofu kuhusu gia, kwa sababu saini hiyo haiwezi kufunika kasoro ambayo ukaguzi wa kawaida usingeweza kuiona. Kwa rangi ya mlango ni tofauti kidogo, nitaeleza.

Je, utarudishiwa pesa? Nikupe maoni yangu bila kukupamba. Kwa hitilafu ya gia kwenye gari lenye kilomita 3,800, matokeo ninayoyategemea ni kusasishwa programu, au kubadilishwa sehemu ya gia boksi, au gia boksi nzima, kwa gharama ya mtengenezaji. Kubadilishiwa gari au kurejeshewa bei hutokea pale matengenezo hayo yanaposhindwa na karatasi zinaonyesha hivyo, na mara nyingi watataka kukata kiasi kwa kilomita ulizotumia. Wakikubali kubadilisha gia boksi, dai kwa maandishi kwamba kifaa kipya kina waranti yake na kwamba waranti ya gari inaongezwa kwa siku lilizolala gerejini. La pili hawalazimiki kila mara, lakini ukiomba wakati wanataka kukuridhisha, hupewa.

Sasa shemeji. Mwambie kwa heshima kwamba fundi wake anaweza kuwa hodari kuliko wa wakala, lakini siku akifungua boliti ya kwanza ya gia boksi, mtengenezaji anapata sababu ya kusema kasoro imeletwa na yeye. Waranti nyingi, zile za miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia, zina sharti hilo. Kusoma kumbukumbu kwa mashine hakuharibu kitu, hilo anaweza kufanya, asifute tu. Ukitaka jicho la pili lenye uzito mbele ya wakala au mahakama, tafuta mhandisi mitambo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) akuandikie ripoti yenye saini na muhuri wake, au uliza karakana ya TEMESA, wakala wa ufundi na umeme wa serikali. Na sevisi ya kwanza usiikose kwa hasira. Kitabu kikisema kilomita 5,000, lipeleke kwao kwa wakati, hata kama mnagombana, maana sevisi iliyorukwa ndiyo sababu rahisi kuliko zote ya kukataa dai.

Benki haihusiki na gia boksi. Mkataba wa mkopo unasimama peke yake, na ukisimamisha marejesho utaongezewa riba, jina lako litaingia kwenye taarifa mbaya za mikopo, na benki inaweza kulichukua gari, likaondoka pamoja na ushahidi wako wote. Fanya kinyume chake: mpelekee ofisa wako wa mikopo nakala ya barua. Gari ndilo dhamana yao, na kama jina la benki limo kwenye kadi, hutaweza kulirudisha bila wao kukubali. Meneja wa tawi la wakala anayeuza magari kwa mikopo ya benki hiyo hiyo hufikiri mara mbili benki ikiuliza swali. Bima kubwa pia usiigeukie, kwa sababu bima ya gari inashughulika na ajali, moto na wizi, si kasoro za kiwandani.

Siku 14 zikipita bila jibu la maana, mwandikie mtengenezaji mwenyewe kupitia ofisi yake ya huduma kwa wateja ya kanda, uambatishe kila kitu. Barua ya namba ya chasi yenye ziara nne za gereji ndani ya miezi mitatu haipuuzwi kirahisi, kwa sababu wao ndio wanaompa wakala leseni ya kuuza jina lao. Sambamba na hapo peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu nzima kuhusu masharti yanayohesabika kuwemo kwenye mikataba ya walaji na nyingine kuhusu wajibu wa watengenezaji, na inakataza kumpotosha mlaji. Malalamiko hayana haja ya wakili. Yanahitaji mpangilio wa tarehe, na wewe utakuwa nao.

Mahakama iwe ya mwisho. Madai ya mkataba yana muda wa miaka 6, kwa hiyo hufukuzwi na kalenda, ila kumbuka kwamba miaka hiyo ni ya kudai, si ya kulikataa gari. Kabla ya kufungua kesi soma mkataba wa mauzo kama una kifungu cha usuluhishi. Na hata kesi ikifunguliwa, utaratibu wetu wa madai unawapeleka kwanza kwenye upatanishi, na nimeona mashauri ya magari yakimalizikia hapo, upande wenye jobu kadi zilizoandikwa vizuri ukiondoka na zaidi.

Binti yako ana hoja, kelele za mtandaoni huwaamsha watu. Lakini ukianza nazo, suala linatoka kwa mhandisi linaenda kwa mwanasheria wao, na kila mtu anaacha kuandika. Pia kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na sentensi moja ya hasira isiyothibitika inaweza kukugeuza wewe kuwa mlalamikiwa. Ikifika siku ya kuandika, andika tarehe, walichokujibu na nakala za karatasi, bila kumwita mtu yeyote tapeli.

Nimalizie na mlango. Magari mapya huweza kugongwa au kukwaruzwa melini, bandarini au kwenye yadi, na hupakwa rangi upya kabla ya kuuzwa. Mafundi wa rangi na wakaguzi wana kifaa kidogo kinachopima unene wa rangi kwa mikroni. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya 80 na 150. Pima paa, boneti na milango yote minne. Kama mlango wa nyuma kushoto unasoma 250 na mingine inasoma 110, umepakwa upya, na ukisoma 600 au zaidi una pasta ya kujazia mabonde chini yake. Angalia pia boliti za bawaba za mlango huo kama rangi yake imechunika na spana, na kipande cha raba cha ukingoni kama kina ukungu wa rangi. Omba wakala karatasi ya ukaguzi uliofanywa kabla ya makabidhiano. Wao watasema ulikuwa na nafasi ya kuuona siku ile ulipochukua gari, na hoja hiyo si dhaifu, ndiyo maana kipimo ni muhimu, kwa sababu unene wa rangi hauonekani kwa macho, na kukuuzia gari lililorekebishwa bila kukwambia ni jambo la kumpotosha mlaji. Liandikie barua yake ya peke yake. Ukilichanganya na gia, watakushughulikia mlango kwa siku mbili, wakupigie polishi, kisha waandike kwamba malalamiko ya mteja yamekwisha.